Barua Niliyojifanya Kuisoma

Ipo siku moja, mwanangu Neema, ambayo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto hadi leo, na mimi sasa ni mzee wa kushikwa mkono kwenda kanisani. Siku hiyo nilikuwa Makambako, kwenye baridi ile ya mwezi wa saba, nimeshika barua iliyoandikwa Kichina, na mama mmoja mzee asiyeona vizuri ananiomba nimsomee. Kwa kuwa umeitwa kwenda kusomea uuguzi, na utakabidhiwa maandishi ya madaktari ambayo afya za watu zitayategemea, nimeona nikusimulie kabla hujafunga sanduku lako. Sogea karibu na moto.

Wakati huo tulikuwa bado chini ya Mwingereza. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwalimu wa darasa la kwanza kwenye misheni moja ndogo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Njombe mjini. Nilisoma Kibena, Kiswahili na Kiingereza, na nilisoma haraka. Watu walinisifu, na mimi nikawaamini. Nilitembea na kalamu mfukoni hata siku za kulima viazi.

Ndipo akaletwa Bibi Elna. Alikuwa mmisionari, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, aliyeishi Uchina zaidi ya miaka ishirini. Huko nchi iligeuka, wageni wakaambiwa waondoke, na wakubwa wake wakamtuma kwetu. Alikuja na sanduku moja na lugha ambayo hakuna aliyewahi kuisikia Njombe. Huko Uchina alimwacha binti aliyemlea tangu akiwa mchanga, jina lake Mei. Akizungumza habari za Mei, hukuona tena mmisionari; uliona mama yeyote wa Kibena ambaye mtoto wake yuko mbali.

Shida yake ilikuwa macho. Herufi kubwa ubaoni aliziona, tena kwa kusogeza pua karibu, lakini maandishi ya barua yalikuwa kwake kama ukungu. Barua za Mei zikaanza kufika, na katika nchi nzima ya Wabena hapakuwa na mtu wa kuzisoma. Akaniita.

“Mwalimu Lutengano, nimesikia wewe ni mwepesi wa kusoma. Unaweza kujifunza Kichina?”

Nikamjibu, “Ndiyo, Bibi. Nipe mwezi mmoja.”

Mwezi mmoja! Hata sikuuliza kwanza kinafananaje.

Tukaanza. Kila siku saa kumi, watoto wakishaondoka, aliandika ubaoni kwa chaki, herufi moja kubwa kama sinia. Ya kwanza ilikuwa mistari miwili tu, imeegemeana kama miguu ya mtu anayetembea.

“Huyu ni mtu,” akasema. “Inasomwa ‘ren’.”

Nikaiangalia. “‘Re’ ni ipi hapo, Bibi? Na ‘n’ iko wapi?”

“Hakuna re. Yote ni mtu.”

“Sasa nikitaka kuandika ‘watu’ naongeza nini mbele?”

Akacheka mpaka akakaa kwenye dawati. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimezoea kwamba herufi ina sauti, na sauti zikishikana zinakuwa neno. Hapa neno lilikuwa limekaa peke yake, kimya, kama mgeni asiyetaja jina lake. Ukiongeza mstari kwenye mtu anakuwa ‘kubwa’. Ukiweka mwanamke na mtoto pamoja, si familia, ni ‘nzuri’. Jua na mwezi pamoja ni ‘mwanga’, na hilo niliona lina akili. Lakini kesho yake nikitumia akili hiyohiyo kwenye herufi nyingine, nakosea kabisa. Mti ulikuwa shina limesimama, mstari umelala juu yake, na matawi mawili yameshuka kushoto na kulia. Miti miwili ni kichaka, mitatu ni msitu. Nikadhani nimeshapata siri. Siku ya pili akaandika kitu chenye mti ndani yake, nikasema kwa sauti, “Msitu!” Kumbe ni kitanda.

Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Nililima na herufi zile zinacheza machoni. Mama yangu aliniuliza kama nina homa.

Mwezi ukapita, na miezi mingine sita. Nilikuwa najua maneno kama mia mbili. Bibi Elna alinisifu sana, akaniambia kwamba msomaji wa barua anahitaji elfu mbili au zaidi. Mia mbili ile mimi niliihesabu. Elfu mbili nikaisahau. Barua mbili za kwanza nilizinakili ubaoni kwa herufi kubwa, moja baada ya nyingine, yeye akazisoma mwenyewe. Kazi ile ilichukua siku tatu kwa kila barua, na nilijiona kama mtu wa kubeba mizigo tu. Nilitaka kuonekana msomaji.

Mwezi wa tano ikafika barua ya tatu. Nakumbuka stempu yake ilikuwa na kichwa cha mfalme yuleyule wa kwetu, nikashangaa mfalme wetu anafanya nini kwenye barua ya Mchina. Bibi Elna akanieleza kwamba Mei alishamwandikia kuwa anahamia Hong Kong, nako ni kwa Mwingereza. Miezi mitatu nyuma alikuwa amemwomba Mei aje aishi naye huku.

“Inakili ubaoni, mwalimu,” akasema.

Na mimi, mwanangu, nikasema, “Haina haja, Bibi. Hii naisoma.”

Nikaisoma kwa macho. Neno la kwanza, mama. Hilo nalijua. Kisha, mimi. Kisha mti. Kisha, naweza. Kisha, kuja. Mei anaweza kuja! Lakini ule mti katikati unafanya nini? Nikachanganyikiwa. Nikageuza karatasi kama kwamba jibu liko nyuma. Halafu nikawaza, kwetu Njombe si wamepanda miti ya miwati kila mahali? Bila shaka Bibi alimwandikia habari za miti. Chini nikaona ‘mwezi wa saba’, hilo nalo nalijua. Yaliyobaki, mistari minne mizima, sikujua maneno hata kumi, tena yametawanyika.

Mdomo wangu ukatangulia. “Mama, mimi naweza kuja kwenye nchi ya miti. Nitakuja mwezi wa saba. Na hapa chini… ni salamu, Bibi. Salamu nyingi.”

Bibi Elna akafunika uso kwa mikono miwili, akalia. Nikaona furaha ile nikajua siwezi tena kusema ‘sina hakika’. Dakika moja ilikuwa imepita, nayo tayari ilikuwa ndefu mno kwangu kurudi nyuma.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua wakati nasoma. Daktari alikuwa amemwambia macho yake yanakufa kidogo kidogo, na asipofanyiwa upasuaji kwao Ulaya upesi, yatazima. Nafasi yake ya meli ilikuwa mwezi wa sita. Kesho yake asubuhi akaandika kuiacha. “Siwezi kuondoka Mei akiwa njiani,” aliniambia. “Macho yatangoja.”

Ningesema siku ile, yote yangerekebishika. Kila siku nilikwenda darasani nikiwa nimeamua kusema, na kila siku nilimkuta anashona pazia la chumba cha Mei kwa kupapasa, nikanyamaza. Nikaanza hata kujiaminisha kwamba nilisoma sawasawa.

Mwezi wa saba ukaingia. Basi kutoka Iringa lilikuwa linawashusha Makambako wageni wa kwetu, kwa hiyo mjomba wangu Festo, dereva wa lori la misheni, akatupeleka huko kumpokea Mei. Hatukujua tarehe. Bibi Elna alisema tutangoja wiki nzima ikibidi. Alipewa chumba kwa wenyeji, lakini mchana kutwa alikaa kwenye kiti kando ya barabara, amejifunga blanketi, upepo wa Makambako unampiga, na kila basi likisimama ananyanyuka.

“Ameshuka?” ananiuliza.

“Bado, Bibi.”

Abiria walishuka na magunia, na kuku, na vitoto mgongoni. Walitusalimu, “Kamwene,” naye akaitika huku anageuza shingo kutafuta sauti moja tu. Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu mchana basi likaja, likashusha watu wawili, likaondoka. Bibi Elna akakaa polepole.

“Nisomee tena barua,” akasema.

Nikaitoa. “Mama, naweza kuja kwenye miti mingi…”

“Mwezi wa tano ulisema nchi ya miti. Leo ni miti mingi.” Hakupandisha sauti. “Niambie unachokiona. Ni miti mingapi?”

“Mmoja.”

“Una mistari mingapi iliyolala?”

Nikaangalia. Niliangalia kwa mara ya kwanza, mwanangu, kwa maana siku zote nilikuwa nakisia. “Miwili.”

“Wa juu ni mfupi au mrefu kuliko wa chini?”

“Mfupi, Bibi.”

Kisha akasema, kama anamwambia mtu mwingine, “Si mti. Ni ‘bado’. Mama, mimi bado sijaweza kuja.”

Sikuhisi tena baridi. Nilitaka ardhi ipasuke. Akaniambia, “Sasa nenda ukaandike yote. Kila mstari. Usiniambie maana, andika tu.”

Hatukuwa na ubao. Mjomba Festo akaokota mkaa jikoni kwa wenyeji, akafungua mlango wa nyuma wa lori, na mimi nikaandika kwenye zile mbao, herufi kubwa. Watu wa barabarani wakakusanyika. Mzee mmoja akauliza kama ni dawa. Zikijaa, Bibi Elna anasogeza pua mpaka karibu na mbao, anasoma, mjomba anafuta kwa gunia bichi, naandika tena. Jua likawa limeinama tulipomaliza. Akasimama, mkaa umemchafua ncha ya pua, akatuambia kwa Kiswahili:

“Anasema ameolewa. Mwezi wa saba anatarajia mtoto. Anasema nisimngoje. Anasema niende nikatibiwe macho mapema, ili nikimwona mtoto wake, nimwone vizuri.”

Mjomba Festo akavua kofia. Mimi nikapiga magoti pale kwenye vumbi.

“Bibi, yale mengine sikuyajua. Sikujua hata neno. Nilitunga.”

“Naona,” akasema. Akatafuta kichwa changu kwa mkono, akakipata, akauacha mkono pale. “Ungeniambia tu kwamba hujui, Lutengano. Mimi nilikuwepo. Tungesoma pamoja.”

Aliyenikemea ni mjomba, tukiwa njiani kurudi, mimi nimekaa mbele naye, Bibi amesinzia katikati yetu. “Mimi naendesha lori hili kwenye ukungu,” alisema. “Utingo wangu akiniambia haoni, nasimama. Akiona haya kuniambia haoni, akasema njia ni nyeupe, tunakufa wote. Wewe ulimwambia mama huyu njia ni nyeupe.”

Nafasi nyingine ya meli ilipatikana mwezi wa tisa. Wiki zile zilizobaki, jambo ambalo mpaka sasa linanichanganya, Bibi Elna aliendelea kunifundisha. Saa kumi ikifika anagonga dirisha langu kwa fimbo yake. Nilidhani atanifukuza, badala yake ananiandikia herufi mpya. Nilimuuliza kwa nini. Akasema Mei ataandika tena, na barua ikifika yeye akiwa bado hapa, atahitaji msomaji. Nikawa nasema ‘hii siijui’ mara ishirini kwa siku, na kila nikisema anaitikia, “Vizuri. Twende taratibu.” Alikuwa amenisamehe au alikuwa hana mtu mwingine? Sijui. Nimezeeka nalo swali hilo.

Mwaka uliofuata akaniandikia, kwa Kiswahili. Jicho la kushoto madaktari hawakuliwahi. La kulia liliokolewa, na kwa hilo alikuwa ameona picha ya mtoto wa Mei, msichana, mashavu manene. Hakuandika kwamba kama angeenda mwezi wa sita yangepona yote mawili. Hakuna aliyejua kwa hakika. Lakini mimi nililala na jambo hilo, na bado ninalo.

Basi, Neema, mwanangu, nisikilize. Huko uendako utapewa karatasi zenye mwandiko mbaya na majina ya dawa usiyoyajua. Daktari atakuwa na haraka. Wenzako watakuwa wanakuangalia, na wewe utataka waone kwamba umesoma. Saa hiyo, ukiona neno moja hulijui, simama. Usilitungie maana kwa sababu maneno ya pembeni yake unayajua. Usiliruke ukidhani ni salamu. Rudi kwa aliyeandika, hata kama atakukemea, umwambie, “Hii siijui.” Aibu yake ni ya dakika moja. Na ukishakosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Usingoje mpaka mtu amekaa siku tatu kwenye upepo kwa ajili ya neno lako. Na atakapokuja kwako mdogo wako kazini akasema hajui, usimcheke. Mwambie twende taratibu.

Nenda sasa, mjukuu wangu niliyekulea kama mwanangu wa kuzaa. Mungu akupe macho ya kuona kilichoandikwa, na moyo wa kukiri usichokiona. Mikono yako iwe salama kwa kila atakayelazwa mbele yako. Wagonjwa wako wainuke, wakutaje kwa jina jema, na siku ya kurudi ukute mlango huu bado una watu wa kukupokea. Amina.