Kandili Kwenye Dungu la Swaumu

Msumari bado upo. Umepigwa kwenye nguzo ya mbele ya dungu la Swaumu, upande unaotazama mto, na tangu mafuriko yale hakuna aliyetundika kitu hapo. Jua likizama, vyura wa bonde la Chumbi huanza kelele zao, moshi hupanda kutoka kwenye madungu mengine, na pale kwa Swaumu hubaki giza ambalo watu hulitazama mara mbili, kama mtu anayepapasa kwa ulimi pengo la jino lililong'oka.

Aliyepiga msumari huo ni Haidari, kaka yake Swaumu. Alirudi kutoka Ziwa Viktoria akiwa na mvi, begi moja, na kandili yenye kioo kinene. Aliondoka Chumbi ndevu hazijamkaa vizuri, akifuata kazi ya kupakia pamba melini, akaishia kutunza taa ya mwamba mmoja uitwao Kigunda. Kazi hiyo alirithishwa na mzee wa Kikerewe aliyeitwa Lugata, na pamoja na kazi akarithishwa hadithi yake. Kwamba hapo kale mwambani palikuwa na moto wa kuni tu. Kwamba mvua iliuzima, na meli ya chuma ikapasuka ubavu palepale, ndipo ikaletwa taa ya mafuta juu ya mlingoti, na baadaye mnara mfupi wa mawe. Kila mwamba ulipewa mwendo wake wa mwanga ili nahodha asiuchanganye na mwingine. Wa Kigunda ulikuwa mwanga mrefu, giza fupi, mwanga mrefu, giza refu. Kabla ya kuletwa mashine, Lugata aliposikia honi ya meli aliushika mwendo huo kwa mkono, akipitisha bati mbele ya taa, na alimfundisha Haidari mpaka mkono ukaujua peke yake.

Halafu ikaja taa ya sola, inayojiwasha na kujizima. Haidari alikaa nayo msimu mzima akiitazama ikifanya kazi yake bila kumhitaji. Kisha akaambiwa ahsante, nenda nyumbani.

Nyumbani hakutulia. Swaumu alimpeleka bondeni, kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo ndefu ambamo wakulima wa mpunga huhamia msimu mzima kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Mchana alikuwa mtu wa kawaida. Jua likianza kuinama alisimama, akakaa, akasimama tena, akazunguka ile sakafu ya fito mpaka ikalia kila kona.

"Kaka, kaa," Swaumu alimwambia. "Utatuangusha wote na hili dungu."

"Nakaa."

"Unakaa kwa miguu? Wenzio wameoa wanawake, wewe umeoa taa. Na yenyewe imekuacha."

Alicheka, lakini hakukaa. Hakuweza kumweleza kwamba saa ile kifuani kwake kulikuwa na meli inakuja, na hakuna aliyekuwa akiiangalia.

Mwezi wa nne mto ukapanda. Mashamba yakawa maji matupu, kila ukoo juu ya dungu lake, watu wakatembeleana kwa mitumbwi. Jioni moja Haidari akiwa katika kuzunguka kwake, mikono ilisafisha kioo, ikakata utambi, ikawasha kandili, ikapiga msumari kwenye nguzo ya mbele, ikaitundika hapo nje. Alisimama kuutazama mwanga wake, maji yakiubeba, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, pumzi yake ikashuka.

Haukupita muda mitumbwi ikaanza kuja. Mmoja, miwili, kisha mingi, kimya, wanawake wamejifunga khanga viunoni. Wa mbele alikuwa Ridhiwani, jirani yao na mtani wa ukoo wao, jembe begani, bunda la sanda kwapani.

Hapo Haidari akakumbuka. Kwao, wakati wa mafuriko, taa hukaa ndani. Taa ikitundikwa nje baada ya magharibi maana yake kuna msiba, njooni mtuvushe na maiti nchi kavu. Alilelewa akilijua jambo hilo. Kichwa kilikuwa nalo, mikono ndiyo ilikuwa imelisahau.

"Marehemu yuko wapi?" Ridhiwani aliuliza.

Swaumu alichungulia kutoka ndani, mwiko mkononi. "Marehemu gani?"

Ridhiwani akamtazama Swaumu, akaitazama kandili, akamtazama Haidari.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa."

"Nisamehe mtani. Nimeghafilika."

"Kughafilika? Nimeacha ugali wa moto! Sanda hii nimeshaitia maji ya waridi. Teremka tukuzike wewe, kazi isipotee."

Wengine walicheka, ila si wote. Bibi mmoja alikuwa amelia njia nzima. Waligeuza mitumbwi, na juu ya maji Haidari aliwasikia wakiambizana: taa ya huyu wa ziwani, tusiifuate tena.

Swaumu hakula usiku huo. "Mimi nimebaki hapa miaka yote nikizika watu na kuzikiwa watu," alisema. "Nikifa leo nani atakuja?"

Haidari aliishusha kandili, akaisukuma chini ya kitanda. Moyoni alikwisha kata shauri. Maji yakipungua atapanda basi Ikwiriri, aende popote penye maji makubwa.

Maji hayakupungua. Tamimu, mtoto wa Swaumu, alichukua mtumbwi kwenda Ikwiriri kutafuta unga na kuchaji simu, kwa sababu jua lilikuwa limejificha na paneli yao ndogo ilikuwa haina kitu. Hakurudi siku hiyo, mkondo ulikuwa mkali. Jioni yake Swaumu aliinuka kuchota mkaa pembeni ya sakafu, akatoa sauti fupi, kama ya kushangaa.

Nyoka naye alikuwa amekimbia maji. Alikuwa amepanda nguzo, akajikunja nyuma ya gunia. Haidari alimuua kwa mchi, lakini mguu wa Swaumu ulikuwa tayari umeanza kujaa.

"Usihangaike," Swaumu alimwambia. "Piga kelele tu."

Alipiga kelele. Mvua na mkondo vilimeza sauti. Akaivuta kandili, akaiwasha, akaitundika kwenye msumari. Ng'ambo aliona mianga midogo ndani ya madungu ya jirani, imetulia. Hakuna uliosogea. Taa yake ilikuwa imesema uongo mara moja, na sasa waliiona wakaendelea kula.

"Wanakuja?" Swaumu aliuliza.

"Wanakuja."

Akazunguka. Fito zikalia. Akachukua ungo wa kupepetea mpunga uliokuwa ukutani, akasimama mbele ya kandili, na mkono wake, ambao haukujua kitu kingine cha kufanya, ukaanza mwendo wa Kigunda. Mwanga mrefu, giza fupi, mwanga mrefu, giza refu. Alijua anachokisema. Ziwani mwendo ule uliwaambia watu kaeni mbali, hapa pana mwamba. Aliusema hivyohivyo, machozi yakimtoka, kwa sababu ndio maneno pekee aliyokuwa nayo.

Sauti ya Ridhiwani ilitangulia mlio wa upondo uliosukuma mtumbwi wake.

"Haidari! Unanikonyeza mimi? Mwanaume mzima, saa nzima unaniwashia na kunizimia kama binti wa harusini! Leo naichukua hiyo taa. Mimi mtani wako, nikikuchukulia kitu huna pa kushtaki!"

"Ichukue," Haidari alisema. "Mchukue na Swaumu. Kaumwa na nyoka."

Ridhiwani hakuuliza tena. Walimshusha Swaumu wakiwa wamemshika mabega na miguu, wakamlaza juu ya mkeka uliokuwa mtumbwini mwa Ridhiwani. Ridhiwani alisukuma upondo, Haidari alikaa mbele ameinua kandili, na njia nzima mpaka nchi kavu hakuna aliyefanya utani. Pale palikuwa na pikipiki, na pikipiki ikawafikisha zahanati.

Swaumu alipona. Kidole kidogo cha mguu kilikatwa, na akasema bondeni harudi tena, mpunga na uliwe na ndege. Haidari alirudi mara moja kukusanya vyombo. Msumari aliuacha. Kandili aliidai, Ridhiwani akakataa katakata mbele za watu: kilichochukuliwa kwa utani hakirudi. Inaning'inia ndani kwake, haijawashwa tena.

Jirani wanasema jioni Haidari bado anasimama na kukaa, na mkono wake wa kulia hupita mbele ya uso wake kama anayefukuza nzi. Tiketi ya basi hajaikata. Anaishi Umwe, nchi kavu, kwenye chumba cha uani nyumbani kwa Swaumu.