Lete Kiganja

Mfua majembe wa Mtua hakuwahi kumuuliza mtu kama jembe lake ni zuri. "Mdomo una adabu," alikuwa akisema. "Lete kiganja." Kila mwaka kabla ya mvua wanawake walipanga foleni kibandani kwake, wengine wakitoka mbali kama Mandawa, naye akiwapapasa malengelenge na sugu kwa kidole gumba, macho yake motoni. Mwanne, mkewe, aliyekuwa akivuta mvukuto wa kupulizia moto, aliliona jembe lile likiboreka mwaka hadi mwaka. Majembe ya mwanzo, yaliyofuliwa kwa vyuma vya matrekta ya shamba la karanga la Wazungu, yalivunja mabega. Mwaka uliofuata bapa likapunguzwa unene. Kisha mpini ukakwanguliwa kwa kipande cha chupa, ukabonyezwa kidogo pale mkono unaposhika. "Huyu anaujua uchungu wetu," wanawake wakasema.

Mwaka wa sita Mwanne aliacha mvukuto, akajipanga foleni pamoja nao, akanyoosha mkono kimya. Kidole gumba kikapita, kikasimama, kikarudi. Mfua majembe akakunja uso.

"Sugu hii ni ya yale majembe ya mwanzo kabisa! Mume gani huyo anayemwacha mkewe alimie takataka ile mpaka leo?"

"Wewe," Mwanne akasema.

Mfua majembe hakuinua macho. Aliuachia mkono ule taratibu, akafuta kidole gumba kwenye msuli aliojifunga kiunoni.

"Haya, rudi kwenye mvukuto," akasema. "Moto unazimika."