Kikaratasi Ndani ya Chupa ya Kaa

Kwenye kabati la tatu la stoo yetu ya sampuli chuoni kuna chupa ya kaa wawili wadogo, kila mmoja ukubwa wa kifungo cha shati. Wamelala ndani ya spiriti pamoja na kikaratasi chenye jina la spishi, mahali walikotolewa, na mstari wa mwisho: wametambuliwa na. Hapo nimeandika majina yangu yote matatu, kwa hati ya kujivunia. Naona aibu kila nikifungua kabati hilo, na kazi yangu ni kulifungua kila siku.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Thika, mtoto wa Ruiru ambaye bahari aliijua kwa televisheni. Msimamizi wangu alirudi kutoka Pwani na trei ya kaa, akanipa niwatenganishe spishi kwa spishi. Huo ndio ulikuwa mradi wa kumalizia masomo. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa naogopa kaa hata waliokufa. Kwetu kitu kama hicho hakiguswi, sembuse kuliwa. Basi nikawa nawashika kwa kibanio, nachora mgongo tu, nawarudisha haraka. Wenye gando kubwa, ule mkono wa kubania, nikawaita spishi moja, wenye magando madogo spishi nyingine. Nilijaza kurasa nyingi za ujinga huo.

Mama aliyeosha vyombo vya maabara alikuwa mzaliwa wa Pwani. Alikuwa akija kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Kiandutu, mtandio kichwani, na alikuwa kibarua: asubuhi hakujua kama ataitwa ama atarudishwa getini. Wakati huo chuo kilikuwa kinatafuta mtu wa kudumu wa kutunza stoo ya sampuli, na yeye aliomba. Aliniambia mwenyewe akisuuza chupa, "Wakinipa hiyo stoo, mwanangu, nitalala usingizi."

Siku moja alisimama nyuma yangu akatazama michoro. "Hao ni mume na mke," akasema. "Wageuze uone tumbo. Mke ana kifuniko kipana cha kubebea mayai."

Wenzangu walikuwa wanasikia. Nikawaka. "Mama, wewe osha chupa. Hii ni kazi ya watu wamesoma."

Wakacheka. Yeye akasema, "Haya," akarudi kwenye sinki.

Walipoenda chakula cha mchana niliwageuza. Huyu kifuniko chembamba, yule kipana, na ukiacha magando, kila kitu kingine kilikuwa sawa. Nikachana zile kurasa, nikaandika upya: spishi moja.

Msimamizi alifurahi sana. "Nani alikuonyesha?" akauliza, maana alinijua. Mama alikuwa pale pale, anapanguza meza ya pili. Nikajibu, "Nimejionea mwenyewe." Ilikuwa rahisi hivyo. Nilipohitimu, stoo nikapewa mimi, eti nina jicho la kazi.

Wiki yangu ya kwanza yule mama alikuja kupanguza rafu. Akainua ile chupa, akasoma majina yangu yote polepole, kwa sauti. "Hati yako nzuri," akasema. "Na siku hizi huwaogopi?" Kumbe alijua tangu mwanzo. Nilijifanya natafuta kitu kwenye droo mpaka akatoka. Baada ya wiki hiyo hakuonekana tena.

Katika kazi hii kikaratasi cha zamani hakitolewi. Mtu akisahihisha, anaongeza kipya, na vyote viwili vinakaa chupa moja. Kwa hivyo ningeweza kurekebisha siku yoyote, na nimejiambia kesho mpaka nimechoka kujidanganya. Jana nilikata kikaratasi, nikachonga penseli, nikaandika spishi na mahali. Nilipofika mstari wa mwisho nikakwama. Sikulijua jina lake. Sote tulimwita mama, basi. Nikauliza ofisini, nikaambiwa vibarua hawana faili. Nikamuuliza askari wa geti, aliyemfungulia miaka yote hiyo.

"Si ni yule mama wa lab," akasema.

Kiandutu si mbali, ni mwendo wa kutembea tu. Lakini nikifika huko nitamwulizia nani?