Jumba Lisilo na Mtu

Pale dukani kwa magodoro walimwita Ramani, na jina hilo lilimganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Wiki nzima alikuwa mtu wa kutumwa: shusha lile la juu, funga hili kamba, mpeleke mama huyu mpaka kwenye gari. Lakini siku ya mapumziko, kabla jua halijachomoza, alikuwa ameshapanda baiskeli, na huko kwenye njia za mashambani hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumtuma.

Alianza kwa sababu ya kitambi. Mkewe alimwambia kwamba siku hizi tumbo linaingia chumbani kwanza, yeye anafuata. Basi akanunua baiskeli iliyokwisha kutumika, akaanza kuzunguka nje ya mji, na kitambi kikasahaulika. Alikuta daraja la chuma la enzi za kale, makaburi ya mawe yaliyomezwa na majani, njia ya reli iliyong'olewa ikabaki tuta refu la kijani linalopita katikati ya mashamba. Akawa anarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, na maneno mengi. Dukani aliyasimulia wakati wa chakula. Mhasibu wa duka akaomba kwenda naye. Akaja na dada mwenye saluni mtaa wa nyuma, dada akaja na rafiki zake, na haukupita muda Ramani akawa anaongoza msafara wa watu wenye kofia za plastiki za rangirangi, wote wakimsubiri aseme kushoto au kulia.

Hilo la kusubiriwa lilimlewesha. Akifika mahali alisimama juu ya jiwe, akapangusa jasho, akasimulia. Alichokijua alikisema, na asichokijua alikijaza mwenyewe, kidogo tu, kama mpishi anayeongeza chumvi.

Ng'ambo ya mto, juu ya kilima, palikuwa na jumba la mawe lenye mnara uliovunjika. Watu walisema lilikuwa la mtoza kodi wa zamani. Ramani alilitamani muda mrefu akiliona kwa mbali, na aliwaambia wenzake kwamba halina mtu. Ukweli ni kwamba aliwahi kuuona moshi ukitoka nyuma ya mnara. Aliuona siku moja, akauona tena siku nyingine, na mara zote mbili alijiambia ni wachungaji. Jumba tupu linasimulika vizuri zaidi kuliko jumba lenye sufuria jikoni.

Siku waliyokwenda waliziacha baiskeli chini, wakapanda ngazi za mawe. Ramani alitangulia, akieleza jinsi watu walivyopandishwa hapo na magunia kichwani kwenda kulipa. Walipotokea uani, macho yake yaliona uwanja umefagiwa, alama za ufagio bado mbichi. Yaliona beseni limegeuzwa ukutani. Mdomo wake haukusimama.

"Na humu," alisema, akiushika mlango mnene wa mbao uliorudishiwa tu, "ndimo alimokuwa akilala mwenyewe."

Akausukuma.

Ndani kulikuwa na kitanda, na juu yake mzee aliyekonda, mifupa ya kifua inahesabika, hana nguo mwilini. Kando yake mwanamke wa makamo alikuwa ameinama na kitambaa chenye povu, anamwogesha. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye ndoo. Nyuma ya bega la Ramani simu ya mmoja wao ikapiga picha, kachaa.

Yule mwanamke hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliuvua mtandio wake kichwani, akamfunika mzee taratibu, kisha akageuka.

"Mnatafuta nini?"

"Samahani sana, dada. Tulijua hapana mtu."

"Nani aliwaambia hapana mtu?"

Ramani aliuachia mlango. Wenzake walikuwa wameanza kurudi nyuma kimyakimya, mmoja akijikwaa.

Mzee akauliza kwa sauti nyembamba, "Nani hao, mwanangu? Ni wageni?"

"Si wageni, baba," alijibu binti yake, macho bado kwa Ramani. "Wamepotea njia."

Njiani kurudi mhasibu alimsogelea na kumwambia ni bahati mbaya tu, haina haja ya kujitesa. Baadaye kidogo mtu akatania kitu, wakacheka. Ramani naye akacheka. Hicho kicheko alikuja kukijutia kuliko mambo mengi.

Jioni yake picha ikaingia kwenye kundi lao la simu. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umemwangukia mzee vizuri, mvuke umetanda kama ukungu, na dada wa saluni alikuwa ameandika chini yake, "Maisha ya kale bado yapo." Alikuwa ameiweka pia kwenye ukurasa wake, na watu walikuwa wakimwaga mioyo.

Mkewe Ramani alichungulia simu, akainyakua.

"Huyu si mtu anaogeshwa?"

"Ndiyo."

"Na huu mkono kwenye mlango, wenye saa, ni wa nani?"

Ramani akauficha mkono chini ya meza, kana kwamba hapo ndipo ungepotelea. Akampigia dada wa saluni, akamwomba aifute.

"Lakini kaka Ramani, picha ina heshima yake! Watu wanalia huko."

"Futa, dada yangu. Tafadhali."

"Nitafuta. Ila usinisemeshe kama mwizi. Mlango nilifungua mimi?"

Aliifuta kweli, lakini ilikuwa imeshapaa. Siku chache baadaye mteja aliyekuja kuchagua godoro alimsogezea simu usoni akisema, "Ona dhiki za watu, bwana. Halafu sisi tunalalamika." Ramani alijifanya anatafuta bei, akageuza mgongo mpaka masikio yalipopoa.

Usiku akawa hapati usingizi. Kila akifumba macho alikiona kile kitanda, na kwa kuwa yeye ni mtu wa magodoro, aliliona godoro: limelala bapa kama chapati, katikati limetumbukia. Akapata wazo, na wazo likamtuliza. Akachukua dukani godoro zuri, lile gumu linalofaa wagonjwa, kwa makubaliano bei yake ikatwe kwenye mshahara. Akalikunja, akalifunga kwenye karia ya baiskeli, akaondoka.

Njia nzima watu walimcheka. "Bwana, mama kakufukuza?" aliuliza mmoja, na mwingine akadakia, "Huyo anatembea na kitanda chake, hataki usumbufu wa wenyeji!" Ramani alitabasamu. Aliona kuchekwa ni sehemu ya malipo, tena alikuwa analipa kwa moyo mkunjufu. Kilimani alilipandisha kichwani, ngazi baada ya ngazi, shingo ikimlia.

Yule binti alikuwa uani anachambua maharage. Alimtazama mpaka alipolitua.

"Nimeleta hili, dada. Kwa ajili ya mzee."

"Nani kakwambia mzee anataka godoro?"

"Siku ile niliona..."

"Uliona." Aliuweka ungo chini. "Nina kaka yangu anafanya kazi mbali. Ile picha ilimfikia. Alinipigia, hata salamu hakutoa, akaniuliza baba namlaza juu ya nini. Mimi! Mimi ninayemgeuza ubavu huu na ubavu huu asitoke vidonda. Godoro lile ni yeye mzee anayelitaka, mapya hayampi usingizi, yanamtupa. Sasa nilipokee hili, halafu nimwambieje kaka yangu? Kwamba mpaka watu baki wamemwonea baba yake huruma?"

"Sikujua, dada."

"Ulikuja ukaingia bila hodi. Leo umekuja na godoro. Ukija tena sijui utakuja na nini." Akauchukua ungo wake. "Shuka nalo."

Akashuka nalo. Chini ya kilima kamba ikalegea, godoro likafunguka na upepo ukalijaza, likawa linamvuta nyuma kama tanga la chombo kibovu. Wale wale waliomcheka asubuhi walikuwa bado wamekaa pale pale. Mara hii hakutabasamu.

Nyumbani alimweleza mkewe yaliyompata kilimani, akitumaini neno la kumpoza. Hakulipata.

"Ulitaka akushukuru," mkewe alisema.

"Nilitaka kumsaidia."

"Ulitaka akushukuru, baba watoto, ili upate usingizi. Godoro ulijipelekea wewe mwenyewe." Alikunja nguo moja, kisha akauliza, "Na huyo kaka yake, nani atamweleza?"

Swali hilo lilimwandama Ramani wiki nzima. Alijua jibu tangu lilipoulizwa, lakini alilizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi akitafuta pa kukanyaga. Alimweleza mhasibu, mhasibu akamwambia aachane nalo, watu husahau. Alikaribia kukubali.

Siku ya mapumziko aliwaambia wenzake anaumwa, akaenda peke yake, mikono mitupu. Hakupanda mpaka uani. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena. Alisikia vyombo vikigongana ndani, akajua amesikika, akaendelea kusimama juani. Binti alipotoka, mikono yake ilikuwa na unga.

"Umeleta nini leo?"

"Sikuleta kitu. Naomba nizungumze na kaka yako kwa simu. Nimwambie mimi ndiye niliyefungua mlango."

Binti akajifuta mikono, akampigia kaka yake, akaongea maneno machache na kumkabidhi simu. Hakuondoka. Alisimama pale pale, amefunga mikono kifuani.

Ramani aliishika simu kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, hunijui. Mimi ndiye niliyefungua mlango wa chumba cha mzee, pasipo hodi, nikiwa na watu nyuma yangu. Dada yako alikuwa anamwogesha. Maji yalikuwa ya moto, chumba kisafi, hata harufu mbaya hakuna. Tulipoingia alivua mtandio wake akamfunika baba. Dhiki inayoonekana kwenye picha haipo. Na kuna jambo lingine." Akageuka kumtazama binti. "Nilijua kuna watu. Nilishauona moshi."

Hilo la moshi hakuwa amepanga kulisema. Hata kwa mkewe alikuwa hajalitamka.

Kaka mtu akamporomoshea matusi. Yalitoka kwenye simu yakisikika uani kote, na Ramani, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, aliitikia kila tusi, "Ndiyo, ndugu yangu," jasho likimtiririka mgongoni, mbele ya yule mwanamke. Matusi yalipokwisha, kaka akaomba kuongea na dada yake. Binti alikwenda na simu nyuma ya mnara. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, na hakueleza neno.

"Nani huyo?" mzee aliita kutoka ndani.

"Ni yule mtu wa baiskeli, baba."

"Mwache aingie basi, anasimama nje kwani tunamdai?"

Ramani akaingia, akakalishwa kwenye kigoda karibu na kitanda. Mzee macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, lakini aligeuza uso kwake. Akauliza kama amepita darajani, kama mto umejaa, kama mashamba ya bondeni yameshapaliliwa. Ramani, ambaye barabarani hakukauka maneno, alijibu kwa kifupi, akichunga asiongeze hata chumvi.

"Siku ile mlikuwa wengi," mzee alisema. "Nilisikia viatu vingi. Mbona wenzako hawakuingia? Siku hizi hapiti mtu hapa. Mngekaa kidogo, mngenipa habari."

Ramani alitazama sakafu. Hapo ndipo aibu ilipomshika kuliko siku ya mlango, kuliko siku ya godoro, kuliko matusi yote ya simu. Wangebisha tu, wangekaribishwa.

Kundi hakulificha. Aliwaambia waziwazi kwamba alijua tangu mwanzo kule kilimani pana watu, na kwamba hatawaongoza tena mahali popote bila kubisha hodi kwanza. Dada wa saluni aliinamisha kichwa, na baada ya hapo hakuja tena kwenye msafara. Wengine walisema anatia chumvi hata kwenye majuto. Taratibu wakaanza kumfuata mhasibu, ambaye alikuwa na baiskeli mpya ya gia nyingi na hakuwa na masharti.

Asubuhi moja, Ramani akiwa peke yake upande wa pili wa mto, aliona zile kofia za rangirangi zikipanda ngazi za mawe. Hata kwa mbali aliutambua mkono wa mhasibu ukielekeza huku na huku, na aliyajua maneno yake, maana yalikuwa ya kwake mwenyewe: magunia kichwani, kodi, chumba alimolala mwenyewe. Akakanyaga pedeli mpaka mapafu yakataka kutoka. Daraja, tuta la reli, bonde. Alipofika kilimani walikuwa wameshaondoka.

Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu, fimbo ya baba yake magotini.

"Wenzako walikuja," alisema. "Sikuwapitisha."

"Si wenzangu tena, dada."

"Wanasema wewe ndiye uliyewafundisha njia."

Ilikuwa kweli. Ramani alikuwa anahema, ameshika kiuno. Alisubiri amfukuze. Binti aliinuka, akajipangusa vumbi, akaingia ndani, akatoka na ndoo mbili tupu. Moja akamsukumia.

"Kisima kiko nyuma huku," alisema. "Usiijaze sana, utaimwaga njiani."