Sauti ya Mama Maswali yarudi hewani

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, taa nyekundu juu ya mlango wa studio inawaka. Ndani, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta la kijivu anavuta kiti, anakunywa funda la maji ya uvuguvugu na kuinamia kipaza sauti.

"Wanafunzi wangu, mpo? Haya, tunaanza na sayansi. Radi inapopiga, kwa nini tunaona mwanga kwanza, ndipo tunasikia ngurumo?"

Simu inaita papo hapo. Ni msichana wa darasa la sita, anahema kama aliyeinyakua simu mkononi mwa mama yake.

"Kwa sababu mwanga una mbio kuliko sauti!"

"Umepata, mwanangu! Tena umepata bila kubahatisha."

Sauti inayompongeza ni nzito na ina mkwaruzo. Mgeni angedhani mtangazaji ana mafua. Hana mafua. Hiyo ndiyo sauti aliyobaki nayo, na anaifurahia kama mtu aliyeokota alichokwisha kukilia.

Mtaani na kazini anaitwa Mama Maswali. Ndiye anayeendesha chemsha bongo ya wanafunzi katika redio ndogo iliyo juu ya duka la vifaa vya umeme. Siku nyingine za wiki yuko mapokezi: anakaribisha wageni, anapokea simu na matangazo ya vitambulisho vilivyopotea.

"Studio niliingia kwa bahati tu," anasema. "Mtangazaji wa kipindi aliacha kazi Ijumaa. Kesho yake meneja akaniambia, 'Dada, hebu kaa pale uwasomee watoto maswali wakati natafuta mtu.' Huu mwaka wa tisa, bado anatafuta."

Hajifanyi mjuzi. Maswali ya sayansi anampelekea mwalimu wa fizikia ayapitie, na ya historia anayachimbua kwenye vitabu vya kuazima. Kuna siku alimweka nyangumi kwenye kundi la samaki, na simu za kumsahihisha zikamiminika mpaka kipindi kikaisha.

"Walinikalia kooni, nikaomba radhi hewani. Nyangumi ni mnyama, ananyonyesha, sitasahau tena."

Wanachokipenda zaidi ni muziki. Anawapigia mlio wa ala, wanaitaja. Wakishaizoea, anawabana zaidi: kati ya ngoma, zeze, filimbi na marimba, ni ipi isiyo na ngozi wala uzi, wala haipulizwi? Wengi hukimbilia ngoma, kisha hujirudi wenyewe. Ni marimba, ambayo mbao zake zenyewe ndizo zinazotetema.

Mwaka jana, kilichogoma kutetema sawasawa kilikuwa kooni mwake.

Alianza kukwaruza kidogo tu. Akanywa maji moto, akala asali, akailaumu feni ya mapokezi. Miezi ikapita. Kuna Jumamosi aliuliza swali, fundi mitambo akamwashiria kutoka upande wa pili wa kioo kwamba hasikiki. Akarudia. Ikatoka pumzi tupu.

Daktari wa koo alimwingiza kamera nyembamba puani na kuona uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Akamwambia utatolewa na kupelekwa maabara kupimwa. Mpaka hapo, asiongee ila kwa dharura.

"Nikamuuliza, ni saratani? Akasema, 'Mama, sitakudanganya, sijui bado.'"

Kazini nako mambo hayakuwa mepesi. Meneja hakuwa mtu mbaya, lakini saa ya Jumamosi haiwezi kukaa bubu. Alisema kama hapatikani mtu, ataweka nyimbo mfululizo mpaka hapo itakapoamuliwa vingine. Mama Maswali alijua maana yake. Kipindi kikishazoeleka kutokuwepo, hakirudi.

Aliyekinusuru ni wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo usiochoka.

"Aliniandikia kwenye kipande cha kitambaa kwa chaki: 'Nisomee maswali redioni,'" anasimulia wifi huyo huku akipiga pasi suruali ya mteja. "Nikamwambia, wifi, mimi na redio wapi na wapi? Akanitazama tu, machozi yanamlengalenga. Nikamwambia basi, basi, usinililie, nitakwenda."

Jumamosi ya kwanza alisoma kila kilichokuwa mbele yake, asibakize kitu.

"Nikasoma: 'Kabla ya karatasi, Wamisri wa kale waliandika kwenye nini jibu mafunjo.' Simu zikaanza. Wa kwanza, mafunjo! Wa pili, mafunjo! Nikawaambia, jamani, hongereni, nyie watoto mna akili kupita kiasi! Namwona wifi nyuma ya kioo amejishika kichwa, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anakufa kwa kicheko, na kicheko chenyewe kakatazwa."

Wiki iliyofuata simu ziliongezeka. Watoto walikuwa wamewaambia wenzao kuna shangazi redioni anagawa majibu. Wifi alikwisha kujirekebisha, ila wasikilizaji hawakuondoka, na habari ya nyimbo mfululizo ikafa yenyewe.

Nyumbani, mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa anajifunza kuishi na kimya.

"Siku mbili za kwanza nilistarehe, siongopi," anasema. "Hakuna anayeniuliza nimechelewa wapi. Ya tatu nikaacha viatu katikati ya sebule makusudi, anigombeze. Akaviokota, akaviweka pembeni, akaenda zake. Hapo nikaogopa kweli. Nilitoka nje nikajifanya natafuta spana."

Uvimbe ulitolewa. Siku ya majibu mume hakuthubutu kwenda, akasingizia kazi. Alikwenda wifi. Walikaa kwenye benchi la korido, mkono wa mmoja ndani ya mkono wa mwenzake, mpaka daktari alipofungua mlango.

"Si saratani," alisema, kabla hawajasimama. "Ni uvimbe wa kawaida. Tumeutoa wote."

Mama Maswali alikuwa bado hajaruhusiwa kutoa hata mguno. Alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

"Nikampigia kelele mimi, kwa niaba yetu wote wawili," anasema wifi. "Muuguzi akatoka mbio akidhani kuna msiba. Nikamkumbatia na yeye."

Baada ya hapo yalifuata mazoezi: kuvuta pumzi, kuguna polepole midomo ikiwa imefungwa, kisha irabu moja moja kama mtoto wa chekechea. Siku aliyoruhusiwa kusema neno zima, alikuwa amejiandalia la maana la kumwambia mumewe. Alipomwona anaingia, likamponyoka lingine.

"Nilisema, 'Vua viatu.' Basi. Mtu mzima akasimama mlangoni analia, viatu hajavua."

Hofu iliyobaki ilikuwa ya wasikilizaji. Sauti waliyoijua ilikuwa nyororo. Jumamosi aliyorudi, mpigaji wa kwanza alikuwa mvulana.

"Shikamoo. Wewe siye Mama Maswali."

"Marahaba. Ndiye mimi, baba."

"Mbona sauti yako kama ya babu yangu?"

Fundi mitambo alipeleka mkono kwenye swichi, tayari kukata simu. Lakini Mama Maswali alikuwa ameshaangua kicheko, cha kwanza tangu atibiwe. Kicheko hicho mvulana alikijua.

"Aa, ni wewe," mvulana akasema. "Haya, uliza."

"Nikamuuliza swali la kwanza," anakumbuka, akifuta jicho kwa ncha ya sweta. "Nilikuwa nimebeba mzigo toka lini, na mtoto yule akanitua."

Daktari amempiga marufuku kupaza sauti, kwa hiyo sasa wanaendesha kipindi wawili. Wifi anasoma maswali ya historia na kuchangamsha baraza. Yeye anabaki na sayansi na muziki, kwa sauti ya chini ambayo watoto wameizoea hadi wanaiigiza.

Muhula ujao wanataka kugeuza kibao. Wanafunzi ndio watakaouliza maswali, na watu wazima watakaa studio wajibu: mwalimu wa fizikia, meneja, wifi na yeye mwenyewe. Meneja amekubali, ingawa anaonekana kuanza kujuta.

Naye Mama Maswali, haoni aibu watoto wakimshinda?

"Wanishinde tu," anasema, akiinuka kujibu simu ya mapokezi. "Nitawaambia sijui. Hujui raha yake, ndugu mwandishi, kufungua mdomo ukasema 'sijui' na mtu akakusikia."