Shina la Mama

Jirani yangu hapa mjini amefungua kiroba cha samadi kwa ajili ya mchicha wake, na harufu imepanda hadi dirishani kwangu. Wapangaji wenzangu wanafunga madirisha. Mimi nimefungua langu zaidi, nikajikuta kijijini kwetu Makwale, nipo darasa la pili, nimeinama na Bibi juu ya shimo.

Kila asubuhi kabla ya shule tulizoa kinyesi cha ng'ombe wetu wawili, tukakimwaga shimoni pamoja na majivu, kisha tukafunika kwa majani ya migomba, maana mvua za kwetu zingekamua utamu wote ukaishia mtoni. Watoto wengine walikuwa na ndugu wa kucheza nao. Mimi nilitia mkono chini ya yale majani nikasikia joto, kana kwamba kuna mtu amelala humo.

Mama alikuwa amekwenda Mbeya kutafuta kazi. Siku ya kuondoka alipanda mgomba nyuma ya jiko, akaniambia, "Atu, huu ukizaa nitakuwa nimerudi." Nikaamini kwamba mbolea ikizidi, mama atawahi. Nikabeba kinyesi kibichi ili nikakirundike shinani. Bibi akanishika mkono.

"Kibichi kinaunguza. Acha kioze kwanza. Na usikibandike kwenye shina, mizizi inakula huku pembeni."

"Umejuaje?"

"Chimba uone, mbishi wewe."

Nikachimba. Vimizizi vyeupe vilikuwa vimefika hukohuko.

Samadi ilipoiva, Bibi alililisha shina la Mama kikapu baada ya kikapu; migomba mingine ikapata masazo. Jirani yetu Mama Neema alipita akicheka. "Mwe! Mgomba huo unakula kuliko mjukuu wako!"

"Mjukuu ana mdomo wa kuomba," Bibi akajibu bila kuinua kichwa.

Mgomba ukazaa mkungu mzito hadi tukauegemeza kwa mti. Kila jioni nilikaa kando ya barabara nikitazama watu wanaoshuka kwenye magari. Ndizi zikanenepa, zikaanza kuiva, ndege wakazidonoa. Mama hakuja. Bibi akakata mkungu, akapika, tukala.

"Mbona umezaa na hajarudi?" nikauliza.

Kesho yake Bibi alichota samadi tena, akayawekea machipukizi pembeni mwa kisiki. Nilikasirika. Niliona anahangaikia kitu kilichokwisha kusema uongo.

Baadaye nilisomea udongo chuoni, na leo naweza kueleza kwa nini kinyesi kibichi huunguza. Lakini mimi, ninayehoji kila kitu, sikuwahi kuhoji kwa nini Bibi alilipendelea shina lile. Kwangu aliyelipanda alikuwa Mama tu. Haikunijia kwamba alikuwa mtoto wa mtu, mtoto wa Bibi. Tulilala chumba kimoja, tukala sahani moja, na kila mmoja alimngoja mtu yuleyule peke yake.