Kuku wa Mama Damari

Yotamu, katibu wa kwaya ya Walutheri pale Nyololo, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa. Mtu mbaya angelala usingizi.

Kwaya ile ilikuwa na mpiga kinanda mmoja, Saulo, ambaye nota hakuijua hata moja. Nyimbo alizitunga kichwani na kichwani zikakaa. Mwaka 1973, miezi michache kabla hajafariki, wanakwaya walimnasa sauti kwenye tepu nyumbani kwake: nyimbo tatu mpya, ambazo hakuwahi kumfundisha mtu. Mchungaji akaagiza tepu ifungiwe kabatini kanisani. Ufunguo akapewa Yotamu.

Baada ya mazishi mjane wa Saulo, Atuganile, ambaye wote walimwita Mama Damari, aliiazima pamoja na mashine ya kuichezea. Akaisikiliza wiki nzima, akairudisha. Hapo ndipo Yotamu alipojiona ana akili kuliko mchungaji. Kabati lile lilikuwa na mchwa, na ukungu wa Mufindi hulowanisha hata Biblia. Kwa Wabena wa kwao kitu cha thamani kina mahali pake: kichanja cha juu ya mafiga, moshi unakopita, ambako mbegu ya mahindi hukaa mwaka mzima bila kuguswa na mdudu. Akaifunga tepu kwenye kitambaa safi, akailaza jikoni kwake katikati ya mahindi ya mbegu. Ikakaa huko miezi mitatu, juu ya moto wa kila siku.

Siku kwaya ilipotaka kujifunza zile nyimbo, Yotamu alitangulia kanisani, akaitoa kwapani kama aliyeitoa kabatini. Tepu ilikuwa imejikunja na kugandana. Ilinuka moshi, lakini kitu gani Nyololo hakinuki moshi? Mwimbaji mmoja akasema labda yule mama aliisikiliza mno, na machozi yake yakaingia humo. Wote wakamgeukia katibu. Katibu akatazama viatu vyake.

Kesho yake Atuganile akaja kwa Yotamu na kuku mtetea mkononi, maana aliyekosa haendi kuomba radhi mikono mitupu.

"Katibu, nimeua sauti ya mume wangu kwa mikono yangu mwenyewe," alisema. "Nisamehe. Na kwaya inisamehe."

"Nimekusamehe, mama," Yotamu akasema.

Kuku akachinjwa, akaliwa. Firigisi akawekewa Yotamu kama mwenye nyumba, akaitafuna mpaka taya zikachoka, isishuke. Tangu siku ile Atuganile hakukanyaga tena mazoezi ya kwaya.

Mwaka ukapita, nafsi ikimsuta Yotamu. Akimwona mama yule njiani alipinda kwenye mashamba ya watu. Mwishowe akatia mashine na tepu kikapuni, akapanda basi la Mbeya kwenda kwa Budeba, fundi redio, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao.

Budeba akaisogeza tepu puani. "Mzee, hii mliiweka jikoni?"

Yotamu akajifanya anapanga kikapu chake.

"Hata kwetu mbegu tunaweka huko. Mama yangu naye angefanya hivyo hivyo. Nani kaiweka?"

"Mjane mmoja," Yotamu akasema. Alijisikia akilisema neno hilo, mbele ya mtu asiyemjua mjane wala kwaya, akajichukia.

Fundi alifanya kazi siku mbili. Aliibandua tepu shubiri kwa shubiri, akaifuta masizi kwa pamba yenye spiriti, palipokufa akapakata, palipobaki akapaunga. Nyimbo mbili zilikuwa zimekwenda na moshi. Ya tatu ilibaki beti mbili.

"Mwambie huyo mjane wako ana bahati," Budeba alimwambia.

Njiani kurudi, shetani alikaa naye kiti kimoja. Angeshuka Nyololo akiwa shujaa, katibu aliyeokoa alichoharibu mwanamke. Wangempigia vigelegele. Na Atuganile, jinsi alivyo, angemletea kuku mwingine. Huyo kuku wa pili ndiye aliyemshinda.

Siku ya pili jioni alifika kwa Atuganile, mashine mkono huu, mtetea mkono ule. Alisema yote akiwa kizingitini, bila kukaribia kiti.

Atuganile akamtazama yule kuku akipapatika.

"Ulisema umenisamehe," akasema.

"Nilisema, mama."

"Hata wanangu niliwaambia ni mimi."

Yotamu akanyoosha mkono wenye mtetea.

"Weka mashine mezani, uiwashe, kisha utoke. Na huyo kuku ondoka naye. Mimi aibu yangu niliipata mbele ya kwaya. Nenda kaseme huko huko."

Akaiwasha, akatoka, mlango asithubutu kuugusa. Tepu ikakwaruza kidogo, kisha ikaja sauti ya Saulo, kavu, ya mtu anayeongea na mkewe: "Mama Damari, hebu funga mlango. Baridi hii inaharibu kinanda."

Yotamu, amesimama uani, akauona mlango ukifungwa taratibu.

Jumapili alisimama mbele ya kwaya, kuku kwapani, akaeleza yote tangu kichanja mpaka firigisi. Atuganile alikuwa amerudi kwenye benchi lake la sauti ya pili. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu chake cha nyimbo, wala hakusema kwamba amemsamehe.